Hivi Alien: Romulus ni muvi mpya au ni viraka vya zile za zamani? (kama hujaiona usifungue)

KitandaChaBarafu

Wakuu, tahadhari mapema kabisa, humu namwaga ubuyu wote mpaka mwisho wa muvi, kama hujaiangalia pita kushoto usije ukanilaumu baadaye.

Iko hivi. Alien: Romulus niliiona mara ya kwanza ilipotoka ile Agosti 2024, nikatoka mle ukumbini nimechangamka kama mtoto, nikamwambia kila mtu jamani Fede Álvarez katurudishia dude letu, limekuwa la kutisha tena, nendeni mkaone. Sasa jana usiku nimeirudia nyumbani na mdogo wangu, ambaye ye hizi picha zote za Alien kazimaliza juzijuzi kwa mpigo mmoja, kuanzia ile ya 1979 ya Ridley Scott mpaka Covenant ya 2017, yaani bado ziko mbichi kichwani. Aisee dogo kaniharibia kila kitu. Kila baada ya dakika chache ananyoosha kidole kwenye skrini. Hii ya kwanza. Hii ya pili. Haya maji meusi si ya Prometheus haya. Yule roboti aliyekatika katikati, Rook, anaropoka, dogo anamalizia sentensi kabla yake, manake ni maneno yaleyale aliyosema Ash, roboti wa ile ya 1979, kwamba siwezi kuwadanganya kuhusu nafasi yenu ya kupona ila nawapa pole. Neno kwa neno! Mpaka lile litoto la mwisho linatokea dogo akacheka tu, akasema kaka hili si ndo lile la Resurrection, ile ya nne, limepungua mwili?

Mpaka inaisha sijui tena nilichokuwa nakipenda ni muvi au ni kumbukumbu zangu mwenyewe za utotoni.

Kilichonikera kuliko vyote ni pale Andy, yule roboti, anapomuokoa Rain, dada mhusika mkuu, na kusema ule mstari wa Ripley, shujaa wa zile za zamani, wa 1986, ule wa "kaa mbali naye we nanihii". Mara ya kwanza ukumbi mzima ulipiga kelele na mi nilipiga. Jana nikawa najiuliza, huyu Andy kautoa wapi? Muvi inatokea 2142, Ripley atausema 2179. Ni kama Andy kaiba maneno kwa mtu ambaye bado kalala angani.

Afu kuna sura ya Ian Holm, aliyemuigiza Ash, waliyompa Rook. Marehemu tangu 2020 na kapewa kazi. Mara ya kwanza ilinikera sana, ule mdomo ulikuwa unacheza kama wa kupakwa, jana haikunikera kiivyo nadhani nimeshazoea.

Sasa swali langu, na nataka majibu ya kweli sio ya kishabiki: ukiondoa vitu vyote vya kuazima, Romulus inabaki na nini cha kwake?

---

Bunduki_Tupu

Inabaki na ile asidi inayoelea mkuu. Umesahau au dogo alikuwa anaongea mpaka hukuona?

Ngoja nikukumbushe. Tangu 1979 tunajua ukilipiga risasi lile dude damu yake inatoboa chuma, inatoboa sakafu, inashuka ghorofa kwa ghorofa, na ndani ya chombo kikitoboka tu mmekwisha. Kwa hiyo bunduki ipo lakini huwezi kuitumia, ndo utamu wa hizi picha siku zote. Rain anafanya nini? Anazima graviti. Madude yanakuja kwenye korido yanaelea, anayapasua moja baada ya jingine na ile bunduki inayojilenga yenyewe, na damu haidondoki, inabaki hewani imejikunja kama moshi wa udi, ya njano, inazunguka taratibu, na wao inabidi wapite katikati yake wanapinda mwili kama samaki. Na graviti ya kile kituo cha angani ina kawaida ya kujirudisha, kwa hiyo wakati unashangaa uzuri wa kile kitu moyo unadunda manake ukijua itawaka ghafla yote ile inashuka chini.

Nitajie picha gani kati ya zile sita za mwanzo iliwahi kufanya hivyo. Hamna. Sheria ni ileile ya zamani ila jibu jipya, mi hapo ndo namvulia kofia dairekta.

Kuhusu mstari wa Ripley nakuunga mkono, mi mwenyewe nilifumba macho.

---

mama_wa_jonesy

Mnaongelea madude na asidi, jibu la swali la mleta uzi ni Andy. Naomba mnisikilize kwa makini hapa manake nimelia kwenye muvi ya kutisha na sioni aibu.

Huyu Andy ni roboti mbovu, roboti wa kutupwa, baba yake Rain alimuokota akamtengeneza akamuwekea agizo moja tu: fanya lililo bora kwa Rain. Basi. Anatembea kidogo kama anajikwaa, ana kigugumizi, anasema vichekesho vya baba ambavyo havichekeshi, vijana wa mtaani wanampiga na Rain anamuita kaka. Na wote humo ni yatima au karibu na yatima, wazazi wameishia machimboni kule Jackson's Star ambako jua halionekani kabisa, mwaka mzima giza. Rain anaenda kaunta ya Kampuni yenye machimbo amemaliza masaa yake ya mkataba anaomba kuondoka, yule dada wa kaunta anagonga vitufe viwili kwa upole tu, anamwambia masaa yameongezwa, urudi tena baada ya miaka mitano sita hivi. Hakuna dude hapo, hakuna damu, ila mi mkono ulienda mdomoni. Ile ndo sini ya kutisha kuliko zote mle ndani na mnaipita kama haipo.

Sasa wanapofika kile kituo wanamchomeka Andy chipu ya yule Rook ili afungue milango. Na David Jonsson (jamani huyu kijana anajua kazi, hebu mtu ampe tuzo) habadilishwi nguo wala sura wala chochote. Anafumba macho anafumbua. Mabega yananyooka, kigugumizi kinakata, shingo inakaa sawa, na ile namna ya kumuangalia Rain inapotea. Unamuona kaka mtu anaondoka na mwili umebaki umesimama. Baadaye mwenzao anagonga mlango anaomba afunguliwe na Andy anakataa, anapiga hesabu, anaona akifungua watakufa wengi. Na kibaya ni kwamba hesabu yake iko sahihi! Afu rudini kwa Bjorn, yule kijana mkorofi anayemchukia Andy tangu mwanzo, anamchukia kwa sababu mama yake alikufa machimboni roboti mmoja alipofunga njia akaacha watu watatu ili waokoke kumi na kitu. Hesabu ileile. Muvi ilikuwa imeshatuambia kitakachotokea, tukadhani ni ukorofi wa kijana tu.

Kwa hiyo swali "Romulus ina nini cha kwake", ina hicho. Ash alikuwa msaliti, Bishop wa 1986 alikuwa mwema, David wa kwenye Prometheus mwendawazimu, wote roboti. Andy ndo wa kwanza ambaye wema na usaliti vinategemea nani kamchomeka nini shingoni. Na ndo maana ule mstari wa Ripley unaudhi zaidi mdomoni mwake kuliko ungekuwa kwa mwingine yeyote, kwa sababu pale alikuwa amerudi kuwa Andy wetu, ilikuwa aseme maneno yake, hata kichekesho kibovu cha baba kingefaa, wakampa maneno ya mtu.

---

KitandaChaBarafu

Mama wa Jonesy umeniua. Hiyo ya hesabu ya Bjorn sikuiunganisha mara zote mbili.

---

fundi_wa_plastiki

Mleta uzi nikusahihishe kidogo, hujazoea chochote, wamerekebisha kweli.

Ile uliyoona ukumbini na uliyoona nyumbani jana sura ya Rook si moja. Álvarez mwenyewe alikiri kwamba muda uliwaishia kwenye ile kazi ya kompyuta, baadaye akawabana studio watoe hela wakaifanya upya kwa toleo la nyumbani, kompyuta ikapunguzwa na mdoli ukaachwa uonekane zaidi. Manake watu wengi hawajui pale kuna mdoli halisi wa mitambo umekaa mezani, kiwiliwili, mikono, kichwa kinageuka, na kuna muigizaji mwingine, Daniel Betts, ndo katoa uigizaji wa uso na sauti, afu sura ya Holm ikawekwa juu. Familia iliombwa ikakubali. Mi hapo kwenye ruhusa sina neno, ila kiufundi naona waliharibu wenyewe. Ukiwa na mdoli mzuri hivyo, uliochakaa, nusu uso umeliwa na asidi, kwa nini unaenda kumlambisha kompyuta? Roboti mbovu akionekana kama mdoli si ndo vizuri, si ni roboti!

Kwa wale mnaosema muvi ni viraka tu, kuna jambo jingine. Huyu dairekta alienda kuwatafuta baadhi ya mafundi waliofanya kazi kwenye ile ya James Cameron ya 1986, wakaja kutengeneza madude kwa mikono. Wale buibui wa usoni wanaokimbia kwenye maji wengi ni vitu vinavyoshikika, vina injini, vinavutwa na waya. Ndo maana waigizaji wanaruka kweli. Ukiangalia ile sini ya Navarro, mmoja wa wale vijana, na taa ya eksirei, anajimulika kifuani gizani anaona mbavu zake mwenyewe, na nyuma ya mbavu kuna kitu kimejikunja kinageuka, halafu anashusha taa na kuipandisha tena kama haamini. Ile ni ya 1979 kweli, kutoboka kifua. Lakini 1979 yule jamaa mezani alikuwa hajui kinachokuja, huyu anakiangalia. Kuazima sio dhambi kama umekigeuza upande wa pili.

Lile litoto la mwisho pia, kwa taarifa yenu, sio kompyuta tupu. Ni mtu, Robert Bobroczkyi, Mrumania mcheza kikapu, ana zaidi ya mita mbili na robo, wakampaka. Ile miguu ni yake. Hapo mi silali vizuri mpaka leo.

---

Kofia_Vueni

Nakuja kuharibu sherehe. Mi ni kati ya wale wachache tunaoipenda Prometheus na nipo tayari kupigwa mawe.

Romulus ni muvi nzuri ya kukimbizwa. Vijana wanaingia nyumba mbovu, nyumba ina jini, vijana wanaisha mmojammoja, dada anabaki. Imepigwa vizuri, muziki mzuri, kimya cha mwanzo kabisa kule kwenye mabaki ya Nostromo, chombo cha ile ya 1979, ni kizuri mno. Ila nikitoka sibaki na swali. Prometheus ya 2012 pamoja na ujinga wake wote, na najua mtanitajia wanasayansi wanaovua kofia kwenye sayari ngeni kwa sababu hewa inanukia vizuri, na mtanitajia yule mama anayekimbia mbele ya chombo kinachobiringika badala ya kukata kulia hatua tatu, yote nakubali, nacheka na nyie, lakini ile picha ilitaka kujua nani katuumba na kwa nini alibadili mawazo akataka kutuua. Wakaiacha njiani, Covenant ikaja ikamuua Shaw, dada wa Prometheus, nyuma ya pazia kama walivyowaua Newt na Hicks, waliopona ile ya pili, mwanzoni mwa ile ya tatu, na mashabiki wakashangilia kwamba jamani turudishiwe dude. Haya dude limerudi. Na maji meusi yamerudi lakini sasa ni dawa tu ya Kampuni ya kutengenezea vibarua wasiokufa machimboni.

Halafu mbona hakuna anayesema kuhusu muda? 1979 kale kadude kalitoka kakapotea, tukakaa tukisubiri, kakarudi limekuwa lijitu. Humu kanatoka kifuani, dakika kidogo tu kamejenga gamba ukutani na kamekomaa. Kanakula nini? Umeme?

---

Bunduki_Tupu

Hahaha kanakula haraka za dairekta, kituo kinaenda kugonga pete za sayari hana muda wa kukasubiri kakue.

Ila mkuu kwenye hilo la "vibarua wasiokufa" mbona mi naona ndo swali lenyewe? Kampuni ina watu wanakufa machimboni, badala ya kurekebisha machimbo inataka kurekebisha watu. Si umeona ile kaunta ambayo Mama wa Jonesy kaisema? Kutoka kaunta mpaka ile dawa ni mstari mmoja ulionyooka. Sema hawakuhubiri ndo maana hukusikia.

---

Kofia_Vueni

Hapo umenibana kidogo. Nitairudia niangalie kwa jicho hilo, ila kuhusu muda wa kukua sirudi nyuma.

---

mgeni_wa_nyota

Samahanini wakubwa, mi sijaona hata moja na nimeshasoma uzi wote (najua, najua). Naweza kuanza na hii Romulus au nitapotea?

---

fundi_wa_plastiki

Hupotei, waliitengeneza hata mgeni aelewe. Lakini usianze nayo. Anza na ya 1979, usiku, taa zima, simu weka chumba kingine. Ni ya taratibu, usikate tamaa nusu saa ya kwanza watu wanabishana tu kuhusu posho, yale maongezi yana kazi yake. Afu ya 1986, hiyo ni vita. Baada ya hapo njoo Romulus, kwa hesabu za miaka yao inakaa katikati ya hizo mbili, Ripley anakuwa bado kalala anaelea angani ile miaka yake 57. Ya tatu na ya nne angalia ukiwa na roho ngumu. Prometheus na Covenant mwisho, ili ukimkuta Kofia_Vueni muwe na cha kubishana.

---

mama_wa_jonesy

Na ya 1979 ina paka, usiwe na wasiwasi, paka yuko salama. Huo ndo ubuyu pekee ninaokubali kumwagiwa mtu.

---

dokta_kimya

Nimechelewa uzi ila niseme moja. Hii muvi mwanzo ilipangwa iende moja kwa moja kwenye mtandao wa kulipia, haikupangiwa kumbi. Ikabadilishwa, ikaenda kumbini, bajeti yake dola milioni 80 hivi, ikaingiza karibu milioni 350. Sasa nyie mnajadili kama ule mstari wa Ripley ni sanaa au wizi, mi naona ulikuwa tiketi. Walikuwa na wasiwasi mashabiki hawatakuja, wakaweka vitu vya kuwatuliza. Kwangu kosa la Romulus ni woga huo, haikuamini kwamba Andy na Rain wanatosha. Na walitosha. Dakika za mwisho Rain anamlaza Andy kwenye kile kitanda, anamwambia atamtengeneza, afu anakaa peke yake anarekodi ripoti yake kabla ya kulala, hajui kama atafika. Ile ripoti nayo imeigwa kwa Ripley nzima nzima, ila pale hata sikukumbuka kukasirika, nilikuwa namuonea huruma Rain.

---

KitandaChaBarafu

Wakuu nimesoma yote, asanteni, mmefanya nimeirudia mara ya tatu leo mchana peke yangu, dogo alikuwa hayupo.

Nilichofanya nilikaa namuangalia Andy tu. Hata akiwa nyuma kabisa ya sini wengine wanaongea mbele, mi macho kwake. Na kuna kitu nimekiona. Kabla ya ile chipu, Rain akiogopa Andy anamsogelea, hata hatua moja, hata kama hana la kusema. Baada ya chipu anabaki alipo. Anajibu maswali yote sawasawa na hasogei. Na akirudishiwa chipu yake ya zamani kitu cha kwanza mwili unafanya ni kusogea. Sijui kama kaambiwa na dairekta au ni yule muigizaji mwenyewe, ila nimeiona na sasa siwezi kuacha kuiona.

Mstari wa Ripley bado nauchukia. Wa Rook pia. Lile litoto nimeanza kuliogopa upya baada ya kujua miguu ni ya mtu, fundi Mungu anakuona.

Dogo nimemsomea comenti ya Mama wa Jonesy akakaa kimya muda, akasema "sawa hiyo ya hesabu sikuiona". Sijawahi kumsikia akikubali kitu. Sasa anataka tuanze Alien: Earth, ile ya vipindi ya Noah Hawley, inatokea 2120, miaka miwili kabla ya Nostromo. Nimemwambia tutaangalia ila kidole akiweke mfukoni.

---

Kofia_Vueni

Mwambie dogo ahesabu dakika za kale kadude kukua humo pia, aniletee majibu.